Tukifika Nyumbani Kiangazi, Tupokee Zamu Kwanza

Kiangazi kimeingia. Hapa Gitega asubuhi za Julai ni za baridi. Ukungu hukaa mabondeni mpaka jua lipande, vumbi jekundu limetanda juu ya majani ya migomba, na ukipita mtaani Yoba wasikia kila ua una kelele zake: huku udongo unakandwa, kule mabati yanapigiliwa misumari, na kwa jirani watu wanapima uwanja wa harusi. Shule zimefungwa hadi Septemba. Gwaride la Julai 1, siku tunayoadhimisha uhuru tulioupata mwaka 1962, limekwisha. Huu ndio wakati ambao askari na polisi wengi hushika karatasi ya likizo na kuelekea nyumbani, wengine hapa hapa Gitega, wengine Karuzi, wengine Muyinga hadi mpakani Kobero.

Leo hatutaki kuzungumza juu ya silaha wala nidhamu ya kambini. Twataka kuzungumza juu ya siku hizo chache za likizo, maana tumeona kwa macho yetu kuwa wapo wenzetu wanaojua kulinda daraja mwaka mzima bila kosa, lakini wakikaa nyumbani mwezi mmoja huacha nyuma yao nyumba iliyovurugika. Si kwa uvivu, wala si kwa ukosefu wa upendo. Kosa lao ni moja: hufika nyumbani wakaanza kutoa amri kabla ya kupokea zamu.

Tutoe mfano. Miaka michache iliyopita, wakati majeshi yetu yangali Somalia, kaporali mmoja wa Yoba alirudi nyumbani baada ya kukaa huko mwaka mzima. Alifika mwanzoni mwa Agosti, mchana, mkewe akiwa sokoni. Mlangoni alimkuta binti yake wa miaka minne. Mtoto yule, kwa adabu aliyofundishwa na mama yake, alimsogezea kiti cha wageni na kumwambia, "Karibu, mjomba. Baba hayupo, yuko kazini."

Majirani walicheka, naye alicheka pamoja nao. Lakini alitueleza baadaye kwamba usiku ule hakupata usingizi, akawa anageuka kitandani na kujiuliza ni lini mtoto wake atamjua. Basi aliazimia kuionyesha nyumba yote kuwa baba amerudi. Kesho yake, saa kumi na moja alfajiri, aliwaamsha watoto watatu, akawapanga mstari uani na kumpa kila mmoja kazi yake. Kabla ya saa sita alikuwa amekwisha kubomoa kibanda alichopikia mkewe, kwa sababu mahali pale alipataka pawe sebule mpya yenye madirisha mapana. Akaita vijana, wakachimba udongo, wakafyatua matofali yapata 3,000 na kuyapanga pale pale uani ili yakauke.

Mkewe alimwambia kwa upole, "Baba watoto, hapo ndipo yanapopita maji." Kaporali alijibu, "Niachie mimi."

Mama yule alikuwa anajua mambo mawili ambayo mumewe hakuyajua. La kwanza, jirani wa juu alikuwa ameziba mfereji wake wa zamani, na tangu hapo maji ya mvua yalishuka kwa kupitia uani kwao. La pili, mvua za mwaka uliotangulia zilikuwa zimewahi kufika. Matofali yalifyatuliwa katikati ya Agosti, na tofali bichi lahitaji majuma kadhaa ya jua kabla ya kuingia katika tanuri. Likizo ikaisha, kaporali akarudi kambini. Siku nne baadaye mvua ya kwanza ya Septemba ilinyesha usiku, maji yakapita pale pale aliposema mama, na asubuhi hapakuwa na tofali hata moja. Fedha ya Somalia ilikuwa imerudi kuwa udongo. Mama akapika nje, juu ya mafiga matatu, katika mvua zote za mwisho wa mwaka.

Msomaji asidhani kuwa tunamcheka ndugu yetu. Mwenyewe ndiye aliyetupa ruhusa ya kuieleza habari hii bila kumtaja, ili iwafae wengine. Nasi twakiri kuwa wengi wetu tumewahi kufyatua matofali ya namna hiyo, ingawa si yote yaliyokuwa ya udongo. Yuko aliyemhamisha mtoto shule bila kujua sababu iliyomweka pale. Yuko aliyemfokea mwenye duka, kumbe mwenye duka ndiye aliyewakopesha watoto wake unga na ndagala miezi miwili mshahara ulipochelewa kufika nyumbani. Yuko aliyemfukuza shemeji yake, kumbe huyo ndiye aliyembeba mgonjwa usiku mpaka hospitali.

Sasa tujiulize, askari ndiye mtu wa kufanya kosa hili? Katika nchi hii hapana watu wanaojua kupokezana zamu kuliko sisi. Tangu siku za kwanza za mafunzo, na hata katika shule ya maofisa, tulifundishwa kwamba anayeingia lindoni hamfukuzi anayetoka. Humwendea, humsikiliza: nani amepita, nani ameruhusiwa, taa ipi haiwaki, uzio umelegea wapi. Huhesabu vifaa mbele yake. Kisha ndipo hushika nafasi. Hata ofisa mkubwa akija kukagua lindo usiku, mtu wa kwanza kumwuliza habari ni yule aliyekesha pale, ijapokuwa cheo chake ni cha chini kuliko vyote. Hapana anayesema kwamba ofisa huyo amejishusha, maana kila mtu aona kuwa anaijua kazi yake.

Basi nyumbani nako kuna lindo, na aliyekesha hapo miezi kumi na mmoja ni mke wako. Yeye ndiye ajuaye paa linavuja wapi, mtoto gani ameshindwa hesabu, mpaka wa shamba umesogezwa na nani, deni gani lilipwe kwanza, mbegu zimebaki kiasi gani, na kikundi cha akiba kitagawana fedha lini. Hiyo ndiyo taarifa ya zamu. Yafaa usiku wa kwanza wa likizo, watoto wakiisha kulala, baba akae aisikie yote tangu mwanzo mpaka mwisho, asikatize, asihukumu, wala asikimbilie kusema lililompasa mama kufanya. Kuuliza si ujinga, walisema wazee. Siku ya pili atembee pamoja na mkewe kuzunguka nyumba na shamba, aonyeshwe. Siku ya tatu ndipo wapange kazi, wawili pamoja.

Hapa twajua kuwa baadhi ya wasomaji watakunja uso. Watasema: je, heshima ya baba iko wapi, ikiwa ataingia nyumbani kwake kama askari mgeni anayeelekezwa njia? Twawajibu kwamba heshima ya baba haikupotea siku kaporali yule angemsikiliza mkewe. Ilipotea siku matofali yalipoyeyuka na mtaa mzima ukaona. Watoto hawamheshimu baba kwa kuwa sauti yake ni kubwa. Humheshimu wanapoona kuwa alisemalo ni la kweli na alianzalo hulimaliza.

Wengine watasema kuwa mtu aliyetoka katika hatari anastahili kupumzika, na kwamba hata bia yake ni haki yake. Hatukatai kupumzika. Vikosi vyetu vilikuwa Somalia tangu Desemba 2007 hadi mwishoni mwa 2024, na vingine vimekuwa Jamhuri ya Afrika ya Kati tangu ulinzi wa Umoja wa Mataifa uanze huko mwaka 2014. Tunajua uchovu wanaorudi nao watu, na tunajua kuwa wengine hurudi na mambo ambayo hawawezi kuyasema upesi. Lakini tumeona pia kwamba anayekimbilia kilabuni tangu asubuhi hapumziki. Anaahirisha tu siku ya kuonana na watu wa nyumbani kwake. Mwili hupumzika kwa usingizi, na moyo hupumzika mtu anapojulikana tena kwao.

Tuseme jambo moja pia kwa ajili ya dada zetu waliovaa sare, maana wamo katika jeshi na katika polisi. Wao wakirudi likizo, aliyekesha nyumbani huwa ni mume, au mama mzazi, au dada mkubwa. Kanuni ni ile ile. Mama anayefika na kumnyang'anya bibi sufuria siku ya kwanza, akisema chakula cha watoto hakifai, naye ameingia lindoni bila kupokea zamu.

Zamu ikiisha kupokewa, zipo kazi nyingi njema za kiangazi, ila kila moja ina mwezi wake. Aliyepata likizo ya Juni au Julai anaweza kufyatua matofali, kuyakausha, kuyachoma na hata kuyajengea. Aliyepata likizo ya mwisho wa Agosti asifyatue hata tofali moja. Yeye aezeke, azibe nyufa, apige plasta, achimbe mfereji wa kuyaongoza maji mbali na msingi, afunge bati la kukinga maji ya paa na kuweka pipa chini yake. Shimo la choo huchimbika vizuri zaidi wakati huu, ardhi ikiwa kavu na maji yakiwa chini. Tena tanuri hula kuni nyingi, kwa hiyo anayechoma matofali mwaka huu na ateue mahali pa kupanda miti mvua zikianza, la sivyo watoto wake watachomea nini?

Katika mabonde nako maji yamepungua, na ndio msimu wa tatu wa kilimo chetu. Maharage, viazi, kabichi na lengalenga hustawi huko wakati vilima vimekauka. Kitalu kidogo cha mboga bondeni hakihitaji fedha nyingi; kinahitaji mtu wa kubeba maji jioni. Hiyo ni kazi nzuri kuliko zote kwa baba na watoto, kwa sababu huwezi kuifanya kwa kusimama na kuelekeza. Wote mnashika ndoo, wote mnalowa miguu, na njiani mtoto huanza kusema mambo ambayo hayasemi akisimamishwa mstarini. Kaporali wetu alituambia kwamba binti yake hakumwita baba siku alipomletea viatu kutoka mbali. Alimwita hivyo jioni moja walipokuwa wakirudi kutoka bondeni, ndoo yake ndogo ilipomwagika naye akamtaka amsaidie.

Baada ya kazi, safari. Hatusemi safari za gharama. Katika miaka ya karibuni tumeuona uhaba wa esanse ulivyopandisha nauli na kuwalaza wasafiri kwenye vituo, na hapana baba mwenye akili atakayeitumia fedha ya mabati kwa kutafuta gari. Lakini kutoka Gitega mjini hadi Gishora ni kilomita zipatazo 7 tu. Familia ikiondoka asubuhi na viazi vilivyochemshwa na chupa za maji, itafika kabla ya jua kali na kurudi jioni, kwa miguu au kwa baiskeli.

Huko Gishora kuna ngoma ambazo sifa zake zimefika mbali. Ngoma ya kifalme ya Burundi iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014. Wazee husimulia kwamba Mfalme Mwezi Gisabo alipaanzisha mahali pale baada ya kumshinda mwasi Ntibirangwa. Watoto watapenda mshindo na miruko. Lakini baba awaeleze pia majina ya ngoma mbili zinazohifadhiwa pale. Moja yaitwa Ruciteme, yaani yule ambaye kwa ajili yake pori hufyekwa. Nyingine yaitwa Murimirwa, yaani yule ambaye kwa ajili yake watu hulima. Hizi ni ngoma za ufalme, na katika majina yake hamna mkuki. Mna panga la kufyekea na jembe. Askari anayezisikiliza akiwa na mtoto mkononi hatakosa kujiuliza yeye anafyeka na kulima kwa ajili ya nani.

Mjini Gitega kwenyewe ipo Makumbusho ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1955. Wako watoto wa Yoba wanaopita karibu nayo kila siku, nao hawajaingia hata mara moja. Humo wataona vyungu, vikapu, mikuki na ngoma za mababu, na yule mwenye bibi kijijini atasema, "Hiki nimekiona kwa bibi." Hilo pekee ni somo.

Na wale wenye jamaa Muyinga wasiache kwenda kuwaamkia wazee, hata kama ni mara moja katika kiangazi. Njia ya kupitia Karuzi inavuka Mto Ruvubu. Mtoto aonyeshwe maji yale na kuambiwa kwamba baadhi yake yameletwa na Ruvyironza, mto unaopita katika nchi ya Gitega. Kwamba yataingia katika Hifadhi ya Ruvubu, iliyowekwa tangu 1980, penye viboko na nyati. Kwamba mbele yatajiunga na Kagera, yafike Ziwa Viktoria, na kutoka hapo yashike Mto Nile mpaka Misri. Wengi wetu tulifundishwa jambo hilo darasani tukalisahau. Aliyeonyeshwa na baba yake akiwa juu ya daraja halisahau.

Akifika Muyinga, baba asiwe mtu wa kuonyesha sare na kusimulia vita tu. Na awaulize wazee habari za nyumba, awasikilize, awatengenezee mlango uliolegea. Watoto wataona kuwa hata baba yao ana watu anaowaheshimu, nao watajifunza heshima bila kuhubiriwa.

Tumewaambia askari wajibu wao. Sasa tuseme na sisi wenyewe tunaokaa maofisini na kupanga orodha za likizo. Mtu hawezi kuchoma matofali ya Julai kwa likizo ya Novemba. Wala hawezi kuwajua watoto wake ikiwa kila mwaka hupewa ruhusa wakati wao wako darasani. Twajua kuwa kazi ya ulinzi haina kiangazi wala masika, na kwamba wote hawawezi kuondoka pamoja. Hata hivyo twaona yafaa mwenye watoto wa shule apate kiangazi kimoja walau katika kila miaka miwili, na vijana wasiooa wachukue miezi mingine kwa moyo wa udugu, wakijua kuwa zamu yao itafika. Na yafaa pia tarehe zitangazwe mapema, ili mtu aandikie nyumbani na mkewe aanze kuweka akiba ya misumari. Kikosi chenye watu wanaojulikana na watoto wao ni kikosi kisicho na matata mengi. Hilo tumeliona, na makamanda wenzetu wameliona.

Liko jambo la mwisho, nalo husahauliwa hata na wale waliopokea zamu vizuri. Likizo ikikaribia kwisha, zamu na irudishwe. Siku mbili kabla ya kuondoka, baba akae tena na mama, amweleze alichomaliza na alichobakiza: ni fundi gani amelipwa na nani anadai, mabati mangapi yamebaki, mfereji utazibuliwa lini, mtoto ameahidiwa nini. Asiondoke alfajiri kimya kimya kwa kuogopa machozi. Awaage watoto wakiwa macho, awaambie anakwenda wapi na kwa nini, ili siku nyingine mtu akibisha hodi wajue la kumjibu.

Kaporali wetu alipata likizo tena mwaka uliofuata, mwezi wa Julai. Alianza kwa kuuliza. Sebule yenye madirisha mapana haikujengwa. Mama alitaka jiko la tofali lenye dirisha la kutolea moshi, na mfereji wa kuyapisha maji ya jirani. Vyote viwili vilimalizika kabla ya mwisho wa Agosti. Tulipita kwake siku ya mwisho wa likizo yake, tukamkuta uani akihesabu mbele ya mkewe matofali yaliyobaki, naye mama akiandika hesabu katika daftari la shule. Binti yao ndiye aliyetufungulia. Alitutazama sare zetu, akatusogezea kiti cha wageni, kisha akageuka na kuita kwa sauti, "Baba! Wageni wako wamefika."